Uti wa Mgongo na Akili ya Mtoto: Historia ya Nadharia Moja ya Uganga

Katika lugha yetu mgongo una heshima kubwa. Tukitaka kueleza kwamba kilimo ndicho kinachobeba uchumi wa nchi, twasema kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mama humbeba mwanawe mgongoni, na mzazi anayeona mtoto wake amechelewa kukaa au kusimama, jambo la kwanza afanyalo ni kumpapasa mgongo. Kwa hiyo si ajabu kwamba popote duniani watu wameutazama uti wa mgongo kuwa ndio nguzo ya mwili, wakauliza kama nguzo hiyo ikipinda, mambo mengine nayo hayatapinda.

Katika insha hii tumekusudia kueleza historia ya jibu moja la swali hilo, jibu lililozaliwa nchini Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na kupewa jina la kairopraktiki. Tutatazama hasa dai lake kwamba kuzinyoosha pingili za mtoto ni kuukuza ubongo wake. Twaichagua habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, nadharia hiyo imeenea katika nchi nyingi, na kwa jamii kama zetu, zenye mila za kuwakanda watoto, ni rahisi kupokewa. Pili, habari yenyewe ni somo zuri kwa mwanafunzi wa historia juu ya namna elimu inavyopatikana, na namna dhana inavyoweza kuishi miaka mingi kuliko ushahidi wake.

Tuanze mbali kidogo. Habari za uti wa mgongo na mishipa ya fahamu hazikuanzia Ulaya wala Marekani. Katika Misri ya kale, hapa hapa barani Afrika, liliandikwa gombo la mafunjo la uganga lililonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, na maneno yake yaaminiwa kuwa ya kale zaidi. Gombo hilo laeleza habari za mtu aliyeteguka pingili ya shingo, naye hana habari ya mikono yake wala miguu yake. Mganga wa Misri alikwisha kuona kwamba jeraha la shingoni laweza kuua viungo vilivyo mbali na shingo. Miaka mingi baadaye, katika karne ya 2 baada ya Kristo, Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma, alimtibu mwanachuoni kutoka Sham aliyekuwa amepoteza hisia katika vidole vya mkono. Waganga wengine walikuwa wakivitia vidole dawa. Galen alipomhoji aligundua kwamba mtu huyo alikuwa ameanguka kutoka garini akaumia penye maungio ya shingo na mgongo. Akaacha kuvitibu vidole, akapatibu pale palipoumia, na mgonjwa akapata nafuu.

Basi kwamba mgongo na mishipa ya fahamu vina uhusiano ni kweli ya siku nyingi. Mtoto huzaliwa na pingili 33. Za chini huungana kadiri akuavyo, hata mtu mzima huwa na mifupa 26 katika uti wake. Ndani ya pingili hizo umepita ugwe-mgongo, na kutoka katika ugwe huo huchipuka jozi 31 za mishipa ya fahamu zinazokwenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni. Lakini iko mishipa mingine, jozi 12, inayotoka katika ubongo wenyewe, na iliyo mingi katika hiyo haipiti kabisa katika uti wa mgongo. Mshipa wa kuona ni mmojawapo, na mshipa wa kusikia ni mmojawapo. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Mwanzilishi wa kairopraktiki ni Daniel David Palmer. Alizaliwa mwaka 1845 nchini Canada, akahamia Marekani mwaka 1865. Alifundisha shule, akafuga nyuki, akafanya biashara ya duka la vyakula, kisha akawa mganga wa kutibu kwa mikono, akidai kwamba mwilini mwake mna nguvu kama ya sumaku. Mwaka 1887 alifungua chumba cha uganga katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi.

Hatuna budi kumtazama mtu huyu katika wakati wake. Udaktari wa Marekani siku zile haukuwa na mengi ya kujivunia. Vyuo vingi vya udaktari vilikuwa duni, na dawa nyingi zilidhuru kuliko zilivyoponya. Robert Koch alikuwa ametangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 tu, na dawa ya kukiua haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Mtu wa kawaida aliyemwendea mganga wa mikono alikuwa walau ameepukana na zebaki na kisu. Katika hali hiyo walitokea wengi wenye nadharia mpya. Andrew Taylor Still alikwisha kutangaza elimu yake ya osteopathi mwaka 1874, naye pia aliuelekeza uganga wake kwenye mifupa.

Siku ambayo wafuasi wa Palmer huiadhimisha ni tarehe 18 Septemba 1895. Katika jengo alimofanyia kazi Palmer alikuwamo Mwamerika mweusi jina lake Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi, ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa muda wa miaka 17. Kwa maelezo ya Palmer, Lillard alimwambia kwamba alipoinama siku moja akifanya kazi ngumu alisikia kitu kikialika mgongoni, na tangu hapo hakusikia vema. Palmer akampapasa, akaona pingili moja imejitokeza, akaisukuma ikarudi mahali pake, na Lillard akaanza kusikia. Binti yake Lillard alisimulia vingine baadaye. Alisema baba yake alikuwa akimchekesha rafiki yake kwa hadithi, Palmer akasikia, na kwa kufurahishwa akampiga Lillard mgongoni kwa kitabu alichokuwa nacho mkononi. Siku chache baadaye Lillard akasema anasikia vizuri zaidi.

Mwanafunzi wa historia asihangaike sana kutafuta ni yupi kati ya hao wawili aliyesema kweli. Atazame kwanza ukubwa wa jengo lililojengwa juu ya msingi huo mmoja. Mgonjwa mmoja alisema amepata nafuu. Hakuna aliyempima kusikia kwake kabla wala baada. Hata pingili iliyosemwa imehama haikuonekana kwa jicho, maana mionzi ya eksirei iligunduliwa Ujerumani na Wilhelm Röntgen mwezi Novemba mwaka ule ule. Tena, kama tulivyokwisha kueleza, mshipa wa kusikia hutoka sikioni ukaingia ubongoni bila kupita mgongoni. Pamoja na hayo, Palmer alitoka katika kisa hicho na kanuni ya magonjwa yote. Alidai kwamba katika kila magonjwa 100, chanzo cha 95 ni pingili zilizohama zikaibana mishipa ya fahamu. Alisema pia kwamba ndani ya kila mtu imo Akili ya Asili inayoutawala mwili kwa njia ya mishipa hiyo. Pingili ikiibana mishipa, amri za Akili hiyo hazifiki, na mwili hugonjweka. Jina la uganga huo alipewa na rafiki yake kasisi Samuel Weed, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi ifanywayo kwa mkono.

Palmer alianza kufundisha mwaka 1897. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kuganga bila leseni, na kifungo hicho kikampa sifa ya mtu anayeonewa kwa ajili ya kweli yake. Alifariki mwaka 1913. Mwanawe, Bartlett Joshua Palmer, alikuwa hodari wa kutangaza kuliko baba yake. Alikikuza chuo, akaingiza picha za eksirei, na mwaka 1922 akawa na kituo cha redio. Mwaka ule aliofariki baba, jimbo la Kansas lilitunga sheria ya kuitambua kazi hiyo, na majimbo mengine yakafuata, la mwisho likiwa Louisiana mwaka 1974. Chama cha Madaktari wa Marekani kiliwakataza madaktari kushirikiana na watu hawa. Mwaka 1976 baadhi yao walikishtaki, na mwaka 1987 mahakama ikaamua kwamba chama hicho kilikuwa kimevunja sheria ya ushindani wa biashara. Yafaa tuelewe vema maana ya hukumu hiyo. Ilihukumu juu ya haki ya kufanya kazi. Kama pingili husababisha magonjwa au hazisababishi, hilo haliwezi kuamuliwa na sheria ya biashara.

Sasa tuwageukie watoto. Ukikubali kwamba Akili ya Asili hupita katika uti wa mgongo, hutashindwa kukubali kwamba mtoto aliyevutwa shingo wakati wa kuzaliwa amekwisha kuanza maisha na njia iliyozibwa. Kwa kufuata mantiki hiyo, wapo walioanza kuwanyoosha watoto tangu siku za kwanza za uhai wao, wakaahidi kuponya kilio cha usiku, maumivu ya masikio, pumu na kukojoa kitandani. Katika miongo ya karibuni ahadi zimepanda zaidi. Wazazi huambiwa kwamba pingili zikikaa sawa, ubongo hupokea habari sawasawa, na mtoto hutulia, hujifunza upesi, na hata mwenye usonji hupata nafuu. Maneno ya siku hizi ni ya kisayansi zaidi kuliko yale ya Palmer, lakini mfupa wake ni ule ule.

Je, madai hayo yamepimwa? Baadhi yamepimwa, na namna yalivyopimwa ni jambo la kufundishwa darasani. Mwaka 1999 watafiti wa Denmark walitoa habari kwamba watoto wachanga wenye kilio kikali walionyooshwa mgongo walilia saa chache kuliko waliopewa dawa ya tumbo. Lakini wazazi, ambao ndio waliohesabu saa za kilio, walijua mtoto wao alipewa nini. Mwaka 2001 watafiti wa Norway walilipima jambo hilo kwa hadhari zaidi. Walichukua watoto 86. Kila mmoja aliingizwa chumbani na muuguzi, mzazi akabaki nje. Watoto 46 walinyooshwa mgongo; 40 walipakatwa tu. Wazazi hawakuambiwa mtoto wao yuko kundi gani. Mwishowe watoto 32 katika lile kundi la 46 walionekana wamepata nafuu, na 24 katika kundi la 40 nao vivyo hivyo. Tofauti hiyo ni ndogo mno hata isiweze kutenganishwa na bahati. Maelezo yake si magumu, kwani kilio cha namna hiyo kwa kawaida hupungua chenyewe mtoto akifika miezi mitatu au minne. Kabla ya hapo, mwaka 1998, watafiti wa Canada walikuwa wamewapima watoto wenye pumu kwa muda wa miezi minne, wengine wakinyooshwa kweli na wengine kwa kuigiza tu. Hawakuona tofauti yoyote baina yao.

Wakaguzi wa kazi hiyo nao wamesema. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Kairopraktiki la Uingereza, ambalo ndilo linalowasimamia wenye kazi hiyo nchini humo, lilitamka kwamba dhana ya pingili iliyohama kuwa chanzo cha maradhi haina ushahidi wa utafiti wa tiba. Nchini Australia, mwaka 2019, serikali ya jimbo la Victoria iliagiza uchunguzi juu ya kunyoosha mgongo wa watoto walio chini ya miaka 12. Wachunguzi hawakuona habari nyingi za watoto walioumizwa, lakini ushahidi wa manufaa nao waliuona kuwa dhaifu sana. Twapaswa kusema pia, kwa haki, kwamba kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno kazi hii ya mikono huleta nafuu kiasi kile kile kiletwacho na tiba nyingine zinazotumika, kama mazoezi. Mkono una kazi yake. Tatizo limeanza pale mkono ulipoahidi kufanya kazi ya ubongo.

Basi ni nini hasa uhusiano wa mgongo na ubongo wa mtoto? Uhusiano upo, tena ni wa ndani kuliko alivyodhani Palmer. Katika wiki za kwanza za mimba, utando mwembamba hujikunja ukawa kama mrija. Sehemu ya juu ya mrija huo huwa ubongo, na iliyobaki huwa ugwe-mgongo. Mrija hujifunga yapata siku ya 28, wakati ambapo mara nyingi mama hajajua kama ana mimba. Usipojifunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na ulemavu ambao katika hospitali zetu huitwa mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa kichwani mwake, kichwa kikawa kikubwa. Mwaka 1991 utafiti uliofanywa katika nchi 7 ulionyesha kwamba mama aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo, akitumia vidonge vya asidi ya foliki tangu kabla ya mimba, hupunguza hatari ya kumpata mwingine kwa karibu robo tatu. Huu ndio msaada wa kweli kwa uti wa mgongo wa mtoto, nao hutolewa kabla mtoto hajawa na pingili za kushikwa.

Uhusiano wa pili umo katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili huita ugonjwa wa utando unaoufunika ubongo na ugwe-mgongo kwa jina la homa ya uti wa mgongo. Mtoto huchomwa na homa kali, hutapika, hukataa ziwa, shingo hukaza, na kwa mtoto mchanga utosi huweza kuvimba. Wanaopona wengine hubaki viziwi au wazito wa akili. Shingo iliyokaza kwa homa hiyo haikuhama mahali pake, na kuinyoosha ni kupoteza saa ambazo dawa ingeweza kuokoa maisha. Kwa ugonjwa huu kinga imefanya kazi ambayo mikono haikuweza. Kenya ilipoanza mwaka 2001 kuwachanja watoto wachanga dhidi ya kijidudu kimoja kinacholeta homa hiyo, watafiti wa Kilifi waliona ugonjwa wa kijidudu hicho ukipungua sana katika miaka iliyofuata. Hapa ndipo tunapoona hasara nyingine ya nadharia ya Palmer. Yeye aliipinga chanjo ya ndui, kwa kuwa aliamini ugonjwa hauji kutoka nje. Ndui ilikoma kwa chanjo hiyo hiyo. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetoweka.

Hata kibyongo chenyewe kilikuwa na somo. Wazee wetu waliona watoto ambao migongo yao ilichomoza polepole na miguu ikafa ganzi. Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na baadaye ikajulikana kwamba mara nyingi ni kifua kikuu kilichoingia katika pingili. Mgongo wa namna hiyo ukisukumwa kwa nguvu waweza kuvunjika. Wataka dawa ya kifua kikuu kwa miezi mingi.

Ubongo wa mtoto, kwa upande wake, una haraka. Akizaliwa, uzito wake ni robo hivi ya ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka 2 umekaribia robo tatu au kuzidi, na kwenye miaka 6 umefika yapata sehemu tisa katika kumi. Methali yetu isemayo samaki mkunje angali mbichi ina kweli kubwa hapa, ila aliyeitunga alikuwa akisema juu ya malezi, wala hakusema juu ya mifupa. Kinachoukuza ubongo huo ni maziwa ya mama na chakula chenye madini ya chuma, ni kulala ndani ya chandarua ili malaria isipande kichwani, ni kusemeshwa, kuimbiwa na kuchezeshwa. Katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania rovu lilikuwa jambo la kawaida kwa sababu udongo ulikosa madini joto, na upungufu huo kwa mama mjamzito huweza kuidumaza akili ya mtoto tumboni. Sheria za miaka ya 1990 za kutia madini joto katika chumvi zilifanya kwa akili za watoto wa nchi kazi ambayo hakuna mkono wa mganga uliopata kuifanya.

Yafaa sasa tuseme juu ya mila zetu, maana atatokea mtu aulize, je, bibi zetu wanaowakanda watoto wachanga kwa mafuta ya nazi nao wamekosea? Kwa maoni yetu hawakukosea, na kuna tofauti kubwa. Bibi anayemkanda mjukuu wake humpa joto, mguso, usingizi na wimbo. Hadai kwamba anamwondolea uziwi, wala hamwambii mama asiende kliniki. Mkunga hodari hujua mpaka wa mkono wake. Akiona utosi umevimba au mtoto amelegea, husema wazi kwamba jambo hili si langu, mpelekeni hospitali. Kuujua mpaka huo ni sehemu ya uganga, na ni urithi ambao yafaa tuuandike na kuutunza. Hatari itakuja siku mila hiyo ya upole itakapovishwa nadharia ya kigeni, ikaanza kuuzwa mijini kwa wazazi waliokata tamaa, wenye watoto wa mtindio wa ubongo au usonji, ambao wako tayari kutoa shilingi yao ya mwisho wakipewa tumaini. Wazazi hao hawastahili kuchekwa. Wanastahili kuambiwa kweli mapema, na kuonyeshwa mahali penye msaada.

Kwa walimu twatoa shauri moja. Somo hili lisifundishwe kwa kuwadharau akina Palmer, wala kwa kuyasifu kila yasemwayo na madaktari, kwani nao katika siku za Palmer waliwanywesha watu zebaki kwa moyo mweupe. Wanafunzi wapewe visa viwili, kile cha Lillard na kile cha watoto 86 wa Norway, waulizwe kila kimoja kinaweza kuthibitisha nini na hakiwezi kuthibitisha nini. Kisha waende kwa bibi na wakunga wa mitaa yao, waulize kwa adabu ni dalili zipi za mtoto mchanga ambazo wao huzitambua kuwa zimepita uwezo wa mikono, waziandike, wazirudishe darasani na kuzilinganisha na zile za kadi ya kliniki.